UZI: Siku ya kuchimba maji yaliruka mpaka juu ya mti, mwezi wa kumi kisima kinatoa upepo. Njooni tuongee wingi wa maji ya visima vya vijijini

mzee_wa_rigi

Wakuu heshima kwenu. Mimi nimekaa kwenye magari ya kuchimba visima miaka kumi na moja, nilianza kibarua wa kubeba mabomba mpaka nikaja kuwa mtu wa kupima wingi wa maji baada ya kuchimba. Maeneo yangu ni kanda ya kati, Bahi, Chamwino, Manyoni, Ikungi huko. Leo gari liko gereji kompresa imekufa, nimekaa nyumbani nimechoka kuangalia ukuta, nikasema ngoja nimwage hii kitu maana kila kijiji nikifika naulizwa swali lilelile.

Swali lenyewe ni "mmeenda mita ngapi?" Yaani mwenyekiti, mtendaji, mpaka bibi aliyekuja na kigoda chake kuangalia, wote wanataka mita. Ukiwaambia 120 wanafurahi, ukiwaambia 50 wanaona mmewaibia. Na sisi tunalipwa kwa mita, sasa hapo jazeni wenyewe.

Kuna kijiji tulichimba visima viwili, kutoka kimoja mpaka kingine hata kilomita haifiki. Cha kwanza mita 54, kikatoa lita 4,800 kwa saa, na tulikipima masaa 24 sio ubabaishaji. Cha pili tukaenda mita 130 tukapata lita 400 kwa saa. Lita 400 ni ndoo ishirini. Kijiji kizima ndoo ishirini kwa saa, na hapo pampu inakaribia kuungua.

Sasa kwa nini? Sisi wa kanda ya kati tunakaa juu ya mwamba wa zamani sana, granaiti na ndugu zake. Huo mwamba ukiwa mzima hauna maji, mkavu kama bakuli la udongo lililochomwa. Maji yanakaa sehemu mbili tu. Ya kwanza ni kule juu ambako mwamba umeoza kwa miaka na miaka ukawa udongo na changarawe. Ya pili ni kwenye nyufa za mwamba wenyewe. Basi. Hakuna mto unaopita chini kama mnavyoambiwa na wale wanaotafuta maji kwa kijiti cha mpera.

Halafu hata huo mwamba uliooza haufanani. Sehemu ya juu mara nyingi ni mfinyanzi, umelowa kweli lakini hautoi, ni kama ule udongo wa kufinyangia chungu, unaukamata una maji, unaukamua hakitoki kitu. Maji ya kutoka yako chini kidogo, pale mwamba umevunjikavunjika umekuwa kama kokoto na mchanga mkubwa, kabla hujagonga ule mgumu. Kwa hiyo kikubwa ni unene wa sehemu iliyooza na iko chini ya usawa wa maji kwa kiasi gani. Ukikuta mwamba mgumu mita 12, jua una kazi. Ukikuta umeoza mpaka mita 40 au 50 hapo unaweza kuanza kutabasamu, ila usitabasamu sana.

Nyufa nazo zinapungua ukienda chini, uzito wa mwamba wa juu unazibana. Zipo zinazopatikana mita 100 na kitu, nimeziona, lakini ukishapita mita 80 kwenye granaiti ngumu hujagusa hata ufa mmoja, kila bomba unaloongeza ni kamari na hela ni ya wananchi.

Naenda kula, narudi na mengine.

Kibuyu Kikavu

Nimekaa paleee na kigoda changu kama huyo bibi

tindo

Mkuu hapo kwenye kijiti cha mpera usituchokoze, babu yangu alikuwa anaonyesha visima na maji yanatoka. Shule zenu hizi.

mzee_wa_rigi

@tindo sikatai babu alikuwa anapata maji, hahaha. Ila babu alikuwa anachimba korongoni au mbugani ambako hata wewe ukichimba na jembe unapata. Wazee wana akili zao, waliangalia mikuyu, waliangalia vichuguu vilivyojipanga mstari, na hizo ni dalili za kweli kabisa, mara nyingi chini ya huo mstari mwamba umepasuka. Kijiti kilikuwa cha kupambia tu.

Siku hizi tunaangalia picha za angani kutafuta hiyo mistari, halafu mpimaji anakuja na mashine yake na vyuma vyake vinne vya kuchomeka ardhini, anapitisha umeme, anasoma ardhi inaukataa umeme kiasi gani. Mwamba mzima unaukataa sana, mfinyanzi unaupitisha kirahisi, sisi tunatafuta katikati. Lakini mashine hiyo haioni maji, hapa watu wengi wanadanganywa. Inaona tofauti ya ardhi, maji anayakisia mtu. Mpimaji akikupa karatasi imeandikwa "maji yapo mita 67" kwa uhakika kama anasoma saa, mkimbie.

Nirudi kwenye mengine sasa, maana sehemu iliyobaki ndo inaniuma.

Kisima kinaweza kupata sehemu nzuri kabisa ya maji halafu tukakiharibu wenyewe. Niliwahi kufanya kazi na kampuni moja, siitaji, walikuwa wanapanga mabomba kwa mazoea. Mabomba ya kisima yako aina mbili, mazima na yale ya matundu yanayopitisha maji. Inatakiwa wakati wa kuchimba mtu anaandika kila mita imetoka nini, maji yameonekana wapi, halafu ya matundu yanakaa pale maji yalipo. Hao jamaa daftari linasema maji mita 37, wao wakashusha zima kuanzia 30 mpaka 42 kwa sababu ndo yalikuwa juu ya lori jioni ile na jua linazama. Maji yapo nje ya bomba yanaangalia ukuta. Kijiji kikaandikiwa "kisima kina maji kidogo". Nilikuwa kijana, nilinyamaza.

Na kokoto zile ndogo za kuzungushia bomba nje. Zinatakiwa ziwe za mviringo, zimeoshwa, zinaendana na mchanga wa hapo na matundu ya bomba. Nimeona watu wanamwaga kokoto za kuponda za barabarani na vumbi lake. Halafu kusafisha, sisi tunaita kuflashi, unapuliza kisima kwa kompresa mpaka maji yawe meupe na tope lote la kuchimbia litoke kwenye nyufa. Hiyo kazi inaweza kula masaa sita, nane, zaidi. Dizeli inaungua, bosi anapiga simu, basi watu wanapuliza masaa mawili wanafunga. Lile tope linabaki limeziba nyufa, na mnaanza maisha na kisima chenye mafua.

Chaka la Mkuranga

Mkuu huku kwetu Pwani mbona hatuna hizo shida, mtu anachimba kwa mkono na vijana wawili anapata maji mchana kweupe. Nyie wa bara mmelogwa

mzee_wa_rigi

@Chaka la Mkuranga nyie mko juu ya mchanga mkuu, mchanga una nafasi kati ya punje na punje kila mahali, sisi nafasi iko kwenye ufa tu. Ila na nyie msivimbe, mkiwa karibu na bahari mkavuta sana chumvi inawafuata chini kwa chini, na ikishaingia kuitoa ni miaka. Kwenu swali sio yanatoka kiasi gani, ni mnavuta kiasi gani.

ngosha_mtulivu

Swali la kijinga labda. Kwani tukichimba kisima kipana si tunapata maji mengi zaidi? Badala ya inchi 5 piga inchi 10

mzee_wa_rigi

@ngosha_mtulivu sio la kijinga, nimeulizwa na mainjinia. Kwa kisima kirefu cha mashine, ukiongeza upana mara mbili maji yanaongezeka kama asilimia 10 hivi, basi. Hela umeongeza kibao. Kinachozuia ni ardhi inavyopitisha maji kuja kwenye kisima, mlango kuwa mpana haisaidii kama njia ni nyembamba.

Ila kisima kifupi cha pete, cha kuchimba kwa mkono, hapo upana una kazi nyingine, unakuwa tanki. Kisima cha upana wa mita 1.2 kila mita moja ya maji ni kama lita 1,130. Inchi 5 kila mita moja ni lita 12 na ushee tu. Kwa hiyo sehemu ambayo maji yanakuja polepole usiku kucha, pete inayatunza watu wanachota asubuhi. Kuna vijiji nilisema wazi msichimbe kirefu, chimbeni pete pembeni ya korongo, wakaniona nimehongwa.

Na hiyo hesabu ya lita 12 ndo inafichua wizi mmoja. Chukua kisima ambacho maji yamesimama mita 40 ndani ya bomba. Hapo tayari una karibu lita 500 zimekaa tu. Ukiweka pampu ya lita 3,000 kwa saa ukavuta dakika kumi, unavuta yale yaliyokuwa yamekaa, ardhi yenyewe haijasema chochote bado. Halafu mtu anapiga picha maji yanaruka, mheshimiwa ananawa mikono, makofi, vigelegele, karatasi inaandikwa lita 3,000. Kipimo cha kweli unavuta kwa kasi moja masaa mengi, 24 ikiwezekana, unasoma usawa wa maji unavyoshuka, halafu unazima unaangalia unavyopanda. Kupanda ndo kunasema ukweli, kisima hakiwezi kudanganya wakati wa kupanda.

BintiManyoni

Kaka hapo kwenye picha za mheshimiwa umenigusa. Mimi ni mhasibu wa chombo chetu cha watumia maji, kisima chetu cha sola kina miaka minne sasa. Mwanzo kilikuwa kinajaza tanki, sahivi saa sita mchana kimeshakata, kinapumzika, kinarudi kidogo, kinakata. Wanakijiji wanasema maji yameisha ardhini, wengine wanasema tumeuza maji kwa kiwanda cha tofali, mimi naitwa mwizi hadi kanisani. Tufanyeje

mzee_wa_rigi

@BintiManyoni pole sana dada. Naomba vitu vitatu. Moja, taarifa ya kisima ya siku kilipochimbwa, iko ofisi ya wilaya ya RUWASA, wale wakala wa maji vijijini, au kwenye kabati la mtendaji, tafuta. Mbili, pimeni usawa wa maji alfajiri kabla pampu haijawaka na mpime tena wakati wa kukata. Kama kuna kale kabomba kadogo ka kupimia pembeni pitisheni kamba yenye kizito humo, kama hakapo MSISHUSHE kamba kienyeji mkanasa kwenye waya wa pampu, ombeni fundi mwenye kipimo chake. Tatu, jua likiwa kali na pampu haijakata bado chukueni ndoo ya lita 20 na simu, hesabuni sekunde mpaka ijae. Jua kali ni muhimu maana pampu ya sola ikipata wingu inapungua na mtasingizia kisima.

Ndugu Mtendaji

Mkuu unataka kusema suala la mvua halina nafasi? Maana huku sisi tunaona mwaka wa ukame visima vinashuka vyote.

mzee_wa_rigi

Lina nafasi kubwa, nilikuwa nalijia. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa nne, na haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Nyingi inaliwa na jua na mimea kabla haijafika chini. Pale Makutupora, kama kilomita 30 kaskazini ya mji, kwenye visima vinavyolisha Dodoma, wamekuwa wakiandika usawa wa maji tangu miaka ya 50, ni moja ya kumbukumbu ndefu kuliko zote Afrika. Na ilichoonyesha sio kwamba kila mvua inajaza. Miaka mingi maji yanashuka tu taratibu, halafu inakuja mvua moja ya nguvu kama ile ya El Niño ya 1997/98, maji yanapanda kwa kishindo, halafu yanaanza kushuka tena miaka na miaka. Kwa hiyo kisima kilichochimbwa baada ya mvua kubwa kimezaliwa sikukuu, kila siku atakayoishi baadaye ni siku ya kawaida.

Sasa angalia na hii. Mwaka wa fedha unaisha Juni. Kuna kukimbizana kumaliza miradi mwezi wa nne, wa tano, wa sita, na hapo ndo maji yako juu kuliko muda wote wa mwaka. Unapima Mei, unaandika namba, unaweka pampu kwa namba hiyo, Oktoba maji yameshuka mita tano, sita, na kama zile mita ndo zilikuwa na ufa wenu wa maana basi imeisha. Mimi kisima nikikipima Mei naandika pembeni kwa kalamu "kipimwe tena Oktoba". Hakuna aliyewahi kunipigia.

Ila usiwahi kukimbilia mvua kama sababu kabla hujapima. Mvua haina wa kuitetea, ndo maana kila kitu inasingiziwa yeye.

Kibuyu Kikavu

Hahahaha mvua haina wakili

tindo

Kuna hii pia watu hawaisemi. Kijiji jirani kachimba tajiri wa zabibu, pampu kubwa, toka hapo chetu kinakohoa.

mzee_wa_rigi

@tindo hiyo ipo, ukivuta sana maji yanashuka kwa umbo la faneli kuzunguka kisima, mafaneli mawili yakikutana wote mnapungua. Na kwenye nyufa faneli haiendi duara, inafuata ufa, kwa hiyo mtu wa mita 800 anaweza kukuumiza na wa mita 200 asikuguse. Nendeni bodi ya maji ya bonde, huyo tajiri anatakiwa awe na kibali cha kutumia maji kimeandikwa kiasi. Pimeni chenu siku yeye amezima na siku amewasha, mkienda na namba wanawasikiliza, mkienda na hasira mnapewa chai.

BintiManyoni

Nimerudi kaka, samahani nimechukua siku tisa, kabati la mtendaji funguo ilikuwa Singida mjini 😂

Taarifa inasema kina mita 90, maji yalisimama mita 18, walivuta lita 3,200 kwa saa kwa masaa 24 yakashuka mpaka mita 41. Pampu imekaa mita 60. Kabomba ka kupimia kapo. Sisi juzi alfajiri tumepata mita 19. Pampu imewaka saa tatu na nusu, saa sita kasoro ikakata, maji yalikuwa mita 60 palepale pampu ilipo. Ndoo kabla ya kukata inajaa sekunde 36.

mzee_wa_rigi

Dada umefanya kazi ambayo wilaya nzima hawaifanyi. Ngoja twende taratibu wote tuone.

Ndoo ya lita 20 kwa sekunde 36 ni lita 2,000 kwa saa. Maji alfajiri yako mita 19, zamani 18. Mita moja tu miaka minne, na tuko mwezi wa tisa. Kwa hiyo maji ardhini HAYAJAISHA, wale wa kiwanda cha tofali wakuombe radhi.

Sasa angalia. Zamani yalishuka mita 23 kwa kutoa lita 3,200. Gawanya, kila mita moja ya kushuka inakupa lita 139 kwa saa. Leo yanashuka mita 41 kwa kutoa lita 2,000, kila mita inakupa lita 49. Kisima kimebaki na theluthi ya nguvu zake na maji yako palepale nje. Maana yake njia ya kuingilia imeziba. Matundu ya bomba au kokoto au nyufa za karibu. Niulize, maji yenu asubuhi ya kwanza yana rangi ya kutu? Nguo nyeupe zinageuka? Yana harufu?

BintiManyoni

Yanageuza!! Shuka zinakuwa kama chai. Tulijua ni tanki

mzee_wa_rigi

Chuma hicho na vijidudu vyake, vinakula chuma kilichomo kwenye maji vinajenga utelezi mwekundu unaziba matundu. Itisheni fundi, pampu itolewe, kisima kisuguliwe kwa brashi ya bomba, kiwekwe klorini ya kutosha kilale nayo, halafu kipulizwe na kompresa mpaka kitoke cheupe, ndo pampu irudi na ipimwe upya. Klorini yote itoke kabla mtu hajanywa. Ni gharama ila sio hata robo ya kuchimba kipya. Kuna mtu atawaambia mchimbe kipya, muulizeni anauza nini.

Lakini nikuambie na lingine usije ukanilaumu. Mko wangapi?

BintiManyoni

Kama 1,800

mzee_wa_rigi

Lita 25 kwa mtu kwa siku ndo kipimo cha serikali, hiyo ni lita 45,000. Kisima chenu hata siku kikiwa kizima, lita 3,200 kwa masaa sita ya jua zuri ni lita 19,200. Hata nusu haifiki. Kwa hiyo toka siku ya makofi kilikuwa kinawatosha watu 770 hivi, hakuna aliyefanya hii hesabu akawaambia. Mkisafisha mtarudi hapo, hamtavuka hapo. Mkipata pesa ongezeni masaa kwa jenereta kidogo, lakini mpime maji yanavyopanda usiku kwanza, au tafuteni kisima cha pili kwenye mstari mwingine wa nyufa.

Ndugu Mtendaji

Nimeprinti huu uzi napeleka kwenye kikao kesho

Chaka la Mkuranga

Mtendaji ana printa na maji hana 🤣

BintiManyoni

Wakuu nimerudi tena, mwezi umepita. Walikuja wiki iliyopita. Pampu imetoka imevaa utope mwekundu mzito kama ugoro uliolowa, fundi mwenyewe alishika mdomo. Wamesugua, dawa imelala usiku, kompresa siku nzima. Leo nimepima mwenyewe, ndoo sekunde 25, na baada ya masaa matano ya kuvuta maji yako mita 45, haijakata. Kaka nimegawanya kama ulivyonifundisha nimepata kama 110 kwa kila mita, sawa?

mzee_wa_rigi

Sawa kabisa. Hiyo 29 iliyobaki kufika 139 sahau, imeshaliwa. Andika tarehe na namba zote ukutani kwenye kibanda cha pampu, kwa rangi sio kwa chaki, na mwezi wa kumi mwakani upime tena saa ileile. Ikishuka chini ya 90 usisubiri ikate, ita fundi.

BintiManyoni

Nimeshaandika. Bluu. Mzee wa kanisa kauliza ni namba za bahati nasibu.